Akiba Nayo Huoza

Betri ya UPS, lile boksi la kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, hufa kimya kimya. Siku inapoanza kufa haivimbi, haitoi harufu wala moshi. Taa ya kijani inaendelea kuwaka, kompyuta inaendelea na kazi zake, na mwenye nyumba anaendelea kuamini kwamba chini ya meza yake kipo kitu cha kumwokoa umeme ukikatika. Kisha unakatika kweli, saa nne za usiku, kazi ikiwa katikati, na lile boksi linalia mara moja tu na kuzimika pamoja na kila kilichochomekwa kwake. Ndipo mtu anapotambua kwamba kwa miezi kadhaa hakuwa na akiba yoyote. Alikuwa na imani.

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Walikuwa wanamkanya mlafi asimalize ghala leo akasahau kesho, na kwa maana hiyo hawakukosea. Lakini mtu anayeishi kwa kompyuta ya mezani katika mji wa joto kama Dar es Salaam hujifunza upande wa pili wa neno hilo. Akiba huoza. Huoza ikiwa imejaa, haijaguswa, na kila anayeipitia anaiona nzima. Mimi nahariri vitabu na ripoti nikiwa nyumbani, na boksi hili lisilo na sura limenifundisha juu ya akiba mambo ambayo sikuyasikia kwenye semina yoyote ya ujasiriamali.

Tumepitia vipindi vingi vya umeme. Tuliokuwa watu wazima mwaka 2006 tunaukumbuka mgao wa ukame ule, mabwawa yalipokauka na ratiba za giza zikawa zinasomwa magazetini. Ukaja wa 2011, ukaja wa mwishoni mwa 2023. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ulianza kuzalisha umeme. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115, na mazungumzo ya mgao yamepoa. Ila kukatika hakujaisha. Nguzo inaanguka, transfoma inalipuka, mvua ya masika inaangusha tawi la mwembe juu ya waya, au umeme wa LUKU unaisha usiku wa manane na kila mtu ndani ya nyumba alidhani mwenzake amenunua. UPS haiulizi sababu. Inachojua ni kwamba ukutani hakuna kitu, na zamu yake imefika.

Kupima akiba nilifundishwa kabla sijamiliki kompyuta. Marehemu baba mdogo alikuwa fundi mitambo katika hospitali moja mkoani, na kila Ijumaa asubuhi aliwasha jenereta hata kama umeme wa gridi ulikuwepo. Watu wa uhasibu hawakumpenda kwa hilo. Walimwuliza kwa nini anachoma dizeli ya serikali bila sababu, naye aliwajibu kwamba sababu ipo, ila haijafika. Tena hakuridhika na kuiwasha ikaunguruma tu uani. Alikata umeme wa gridi kwa makusudi, akaiachia jenereta wodi, friji za maabara na taa za chumba cha upasuaji, akakaa karibu nayo nusu saa akisikiliza. Likizo moja nilisimama naye pale, nimeziba masikio. Akaniambia, “Mwanangu, jenereta isiyobeba mzigo inaimba tu.” Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata kitaalamu alikuwa sahihi: injini ya dizeli inayozungushwa mara kwa mara bila mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yake hujikusanya kwenye bomba la moshi. Kuiwasha bila kuibebesha kitu ni kuiharibu huku ukijipongeza kwamba unaitunza.

Ndiyo maana nyumbani kwangu Jumamosi ya mwanzo wa mwezi ina desturi yake. Nahifadhi kila nilichofungua, nazima swichi ya ukutani, na kuiacha UPS ibebe kompyuta na monita huku nikitazama saa. Sichomoi plagi, kwa sababu plagi ikichomoka na waya wa ardhi unakatika; swichi inatosha. Mwaka huu dakika zilianza kupungua. Muda uliokuwa unatosha kuchemsha maji na kumimina chai ukawa hautoshi hata kufunga faili. Nikaifunga UPS kwenye kanga, nikaipeleka Kariakoo.

Fundi ninayemwendea ana kibanda chembamba kati ya duka la nyaya na duka la chaja za simu. Aliilaza UPS kifudifudi, akafungua skrubu, akatoa betri na kuiweka mezani: boksi jeusi la sentimita 15 kwa 10 hivi, lenye uzito wa kilo mbili na ushei. Akagusa ncha za multimita kwenye teminali. Ikasoma 12.8.

“Mbona nzima?” nikasema, kwa kuwa najua kwamba betri ya volti 12 iliyojaa husoma hapo hapo.

Hakunijibu. Alivuta droo, akatoa taa ya mbele ya gari iliyounganishwa nyaya mbili, akazishika kwenye teminali bila kuondoa multimita. Taa iliwaka, ikawa ya njano, ikawa nyekundu, na namba kwenye kioo zikateremka kwa kasi: 11, 10, 9. Akaondoa nyaya. Baada ya muda namba zikaanza kupanda zenyewe taratibu, 11 na pointi, 12 na pointi, kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Umeona, dada? Bila mzigo wote ni wazima.”

Nilicheka, maana nilikuwa nimesikia maneno hayo hayo kwa kinywa kingine, miaka mingi nyuma, kando ya jenereta.

Kilichotokea ndani ya boksi lile kina historia ndefu. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na wazo lake halijabadilika sana: bamba za madini ya risasi ndani ya tindikali ya salfa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vya namna hiyo, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Kwenye hizi tunazoziita betri kavu, tindikali haichezi ndani kwa maji maji. Imenyonywa na mkeka wa nyuzi laini za kioo, ndiyo maana unaweza kuilaza ubavu isimwagike. Betri inapotoa umeme, bamba zote mbili hufunikwa na salfati ya risasi. Ukiichaji mapema, ile salfati inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha ikiwa tupu, inaganda na kuwa fuwele ngumu zisizokubali tena kurudi, na sehemu ile ya bamba inakuwa imekufa. Hata ile inayokaa kwenye chaji mwaka mzima haisalimiki, kwa kuwa bamba zake huliwa na kutu polepole na unyevu wake hupungua. Joto ndilo linaloharakisha yote. Watengenezaji hutaja umri wa miaka mitatu hadi mitano kwa chumba chenye nyuzi joto 20 hadi 25, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi hivi zinazozidi hapo hupunguza umri kwa karibu nusu. Sasa weka boksi hilo Sinza au Temeke, mwezi wa pili, chini ya meza, mgongo ukiwa umegusa ukuta. Kuishi miaka miwili na nusu hapo ni kujitahidi.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiri juu ya vitu vingine tunavyoviita akiba na ambavyo hatujavipa mzigo siku nyingi. Mtu ana ndugu wa Mwanza anayemhesabu kuwa ni wa kumkimbilia siku ya shida. Hawajapigiana simu tangu msiba wa mwisho. Mtu ana cheti cha ufundi alichokipata ujanani, anakitaja kila akigombana na bosi wake: “Nikiacha kazi hii nitarudi kwenye fani yangu.” Fani yenyewe imeshabadilika mara tatu na vidole vyake havijashika bisibisi tangu aoe. Volti zipo. Ukimuuliza atakwambia 12.8.

Zamani mitaani kwetu kulikuwa na kuombana chumvi. Mtoto alitumwa kwa jirani na kikombe, akarudi na chumvi, au moto wa mkaa, au kiberiti chenye njiti tatu. Nilidhani ilikuwa ni shida tu, watu hawana. Siku hizi naona ilikuwa zaidi ya shida. Kila kikombe kilichovuka uzio kilikuwa kinapima ujirani kwa mzigo mdogo, usioumiza, ili siku ya mzigo mkubwa, ya mgonjwa wa usiku au ya jeneza, kila mmoja awe anajua tayari nani anabeba na nani anaimba tu. Sasa tunaishi kwenye fleti, kila mtu na kabati lake limejaa, na tunajivunia kwamba hatumsumbui mtu. Hatumsumbui, ni kweli. Wala hatumjui. Wanawake wa vikoba wana akili zaidi yetu katika hili: pesa zao hazilali. Kila wiki zinatoka kama mkopo na kurudi na faida kidogo, na zikitoka na kurudi kikundi kinapata kujua kitu ambacho daftari la benki halikuonyeshi, yaani ni nani kati yao akisema atalipa, analipa.

Mpwa wangu, anayesoma chuo na kuishi nasi, alikuwa na shauri lake juu ya betri. Yeye hakuona sababu ya kununua nyingine ndogo. Alitaka tutoe nyaya mbili nje ya UPS na kuzifunga kwenye betri kubwa ya gari, ya ampea-saa 70, tuangalie mpira na kuwasha ruta hata umeme ukikatika saa tatu nzima. Wapo wanaofanya hivyo mitaani, na kwa siku chache za kwanza huonekana wamewazidi wote ujanja. Nilipompigia fundi kumweleza shauri la kijana, aliuliza swali moja.

“Itajazwa na nini, dada?”

Hesabu yake ni rahisi. Chaja iliyomo ndani ya UPS ndogo imetengenezwa kujaza betri ya ampea-saa 7, na kwa kawaida haitoi zaidi ya ampea moja. Kuirudisha betri ya 70 iliyoisha kwa ampea moja ni kazi ya siku tatu mfululizo, na zaidi, kwa kuwa si kila kinachoingia kinabaki. Umeme ukikatika siku ya pili, betri inatolewa tena ikiwa haijafika nusu. Haitajaa kamwe. Salfati itaganda kwenye bamba zake, na betri kubwa ya bei kubwa itakufa mapema kuliko ndogo tuliyoikataa. Hapo bado hatujagusa mambo mengine: transfoma ya UPS iliyopimwa kubeba mzigo kwa dakika chache, ikilazimishwa kubeba kwa saa, huchemka, betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haipendi kunyonywa hadi chini, na ile ya maji, ikichajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitaka chumbani penye swichi na cheche. Anayetaka saa tatu anunue inveta yenye chaja yake stahiki, na betri za sola zilizoundwa kwa kazi hiyo, aziweke penye hewa. Hicho ni kitu kingine, na bei yake ni nyingine.

Swali la fundi limekaa nami kuliko betri yenyewe. Tunapenda kupanua chombo. Tunafungua akaunti ya malengo, tunajenga stoo kubwa, tunaahidi kwa kila mwanafamilia, na hatuulizi kinachoingia kwa siku ni ampea ngapi. Namfahamu mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye akiba yake yote ingetosha wiki tatu, na nawafahamu watu wa mishahara minono ambao akiba yao, kwenye karatasi, ingetosha miaka miwili. Dharura ilipowapitia wote, yule mama alirudi kujaa ndani ya miezi miwili, kwa sababu alichokuwa nacho kililingana na alichoweza kurudisha. Wenzake wapo nusu mpaka leo, na nusu ile inaganda.

Kuna jambo jingine la betri ambalo ningependa lisomwe kwa sauti kwa kila anayekaribia kustaafu. Ukisoma ubavuni mwa betri “ampea-saa 7”, hesabu hiyo ni ya kuchota polepole, kwa saa 20, kama theluthi ya ampea. Kompyuta ya mezani na monita yake huchota ampea kumi na zaidi kwa mkupuo. Ukigawa kwa kalamu utadhani umepata zaidi ya nusu saa. Hupati. Mjerumani Wilhelm Peukert aliliandikia jambo hilo kanuni mwaka 1897: kadiri unavyochota kwa kasi, ndivyo jumla ya unachokipata inavyopungua. Betri ile ile, ikinyonywa kwa pupa, hutoa karibu nusu tu ya kilichoandikwa.

Nimewaona wastaafu na viinua mgongo vyao. Fedha inaingia Januari. Februari imejengwa nyumba hadi kwenye linta, imenunuliwa daladala, ameozeshwa kijana, na ndugu kumi na mmoja wamepewa mtaji. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kufanyika vizuri kwa miaka mitano. Vikifanyika kwa mkupuo, linta inanyeshewa, daladala lipo gereji, na mitaji ile haina anayeifuatilia. Ukijumlisha kilichobaki mkononi hakifiki nusu ya kilichoandikwa kwenye hundi. Na watu nao wana kanuni hiyo hiyo. Mjomba aliyekuwa tayari kukusomesha mdogo mdogo kwa miaka minne, ukimwendea na shida zote kwa mwezi mmoja utamkuta amekauka, na utaenda kusema mtaani kwamba alikuwa mchoyo tangu zamani.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: UPS haikutengenezwa ili tuendelee. Hapo ndipo mpwa wangu, na wengi wetu, tunapokosana nayo. Ilitengenezwa ili tusimame vizuri. Dakika zake chache ni za kuhifadhi faili, kufunga programu, na kuizima kompyuta kwa utaratibu ili diski isikatwe ikiwa inaandika. Mara nyingi umeme hurudi kabla hujamaliza, na hiyo ni heri. Ila anayezitumia dakika hizo kumalizia aya moja zaidi hutumia akiba kwa kazi isiyo yake, na giza likimkuta katikati ya aya analalamika kwamba boksi halifai.

Unguja wanajua mpaka wa akiba ndogo ulipo. Waya wa chini ya bahari unaowaletea umeme kutoka Bara ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mbele ya giza la namna hiyo, UPS ya mtu ni mlio wa dakika kumi. Waliofanya kazi zao katika miezi ile walinunua jenereta, walihamisha shughuli, walibadili saa za kuvua na kuuza samaki kwa kuwa barafu ilikuwa haba, walipanga upya maisha. Akiba ndogo, kwa aliyekuwa nayo, ilimpa nafasi ya kutua mzigo bila kuuvunja, kisha akafikiri. Sioni kwa nini fedha za dharura ziwe tofauti. Mtu akipoteza kazi na ana akiba ya miezi mitatu, akiitumia kuendesha gari lile lile na kulipa kodi ya nyumba ile ile, mwezi wa nne utamkuta pale pale, akiwa hana akiba. Angeitumia kuhama, kujifunza na kutafuta, ingekuwa imefanya kazi iliyotengwa kwa ajili yake.

Basi tulinunua betri ndogo. Nafasi ya kuongeza kidogo ilikuwepo, hata hivyo: betri ya ampea-saa 9 huja katika umbo lile lile la 7, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi bila kukata plastiki. Fundi alinionyesha vitu vya kuangalia. Uzito kwanza, kwa sababu risasi haidanganyi, na betri feki ni nyepesi. Tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri hujipunguza yenyewe hata ikiwa rafuni, na iliyokaa dukani mwaka mzima bila chaji inaweza kuwa mzee aliyevaa nguo mpya. Ikisoma chini ya 12.5 akasema niiache. Upana wa teminali pia, maana zipo za milimita 4.8 na za 6.3, na kishikio kilicholegea huchemka. Betri za lithiamu alikuwa nazo, na zinadumu zaidi, ila hakuniuzia: chaja ya UPS yangu iliundwa kwa ajili ya risasi, na UPS hukisia kilichobaki kwa kutazama volti zinavyoshuka, wakati lithiamu haishuki mpaka imefika mwisho, kisha inakata bila kuaga.

Alifunga nyeusi, akafunga nyekundu, cheche moja ndogo ikaruka ilipogusa mara ya kwanza. “Usiiamini leo,” akasema. “Ichaji usiku kucha, kesho uipime.”

Ile ya zamani aliisukuma kwa mguu hadi kwenye rundo la wenzake nyuma ya mlango. Nikamuuliza zinakwenda wapi. Wanakuja watu wa chuma chakavu, alisema, wanapima kwa kilo. Baada ya hapo hajui.

Hapo methali ya wahenga inarudi kwa sura nyingine, kwa kuwa kilichooza ni akiba tu. Risasi yenyewe haiozi. Ikiyeyushwa kwa utaratibu, karibu yote hurudi kuwa betri nyingine, na katika hilo ni madini mazuri kuliko mengi. Ikiyeyushwa ovyo, inakaa kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Pwani yetu ina mfano wake. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga alipougua na vipimo kuonyesha risasi mwilini mwake, aliacha kazi na kuanza kupigania wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda rufaa, uamuzi ukatenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Ni muongo mzima na zaidi wa watu kudai haki kwa ajili ya vitu ambavyo wengine waliviona vimekwisha kazi.

Tangu siku ile nimeamua betri iliyochoka nisiihesabu tena kuwa taka. Ni deni. Ilinipa dakika zake kwa uaminifu mpaka zikaisha, na mtu asiyenijua asilipe kwa mapafu yake gharama ya usalama wa faili zangu. Kwa hiyo hainunuliwi na mpita njia getini, haivunjwi uani ili kutoa risasi za kuvulia samaki, haitupwi dampo. Inarudi kwa muuzaji anayeweza kunionyesha risiti ya kampuni inayozikusanya, hata kama bei yake kwa kilo ni ndogo. Kila akiba iliwekwa na mtu na iligharimu mahali fulani. Ukiitumia yote, pale ilipogharimu bado papo.

Kwa hiyo nikiambiwa siku hizi kwamba fulani amejipanga, ana akiba, maswali yangu ni machache. Ilibeba mzigo lini mara ya mwisho? Ikiisha, nani anaijaza, na kwa kasi gani? Imewekwa ili imwezeshe kufanya nini katika dakika zile kumi? Asiye na majibu hana haja ya kuaibika, maana majibu hayaji kwa kufikiri. Yanakuja kwa kumpigia simu yule ndugu wa Mwanza na kumwomba kitu kidogo, kwa kushika tena bisibisi Jumapili moja, kwa kuishi mwezi mmoja bila kugusa mshahara uone panapovuja. Kama chini ya meza yako kuna UPS, anzia hapo, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote: hifadhi kazi, zima swichi ya ukutani, hesabu. Chagua siku ambayo huna haraka. Umeme ukijikatia wenyewe, nao utakupima, ila hautakuruhusu kurudia mtihani.